Mlipuko ndani ya pango: ile 70 ilipimwaje?

Katika mijadala ya silaha za nyuklia kuna namba moja inayozunguka tangu miaka ya 1960: 70. Ukilipua bomu la nyuklia katikati ya pango kubwa chini ya ardhi, badala ya kulizika na kulibana ndani ya mwamba, mtikisiko unaofika kwenye mitambo ya mbali hupungua mara 70 hivi. Namba hiyo hutajwa kana kwamba kuna chombo kilichoionyesha. Hakuna. Ile 70 ni uwiano wa milipuko miwili, na mmoja kati ya hiyo miwili haukuwahi kulipuliwa. Ulikokotolewa. Ukitaka kujua kama namba hiyo inafaa kuaminiwa, na kwa kiasi gani, inabidi ufuate walivyoipata.

Tuanze na mwamba. Fundi wa baruti machimboni anaijua kanuni ya kwanza kwa mikono yake: ukishaingiza baruti kwenye tundu, unaliziba kwa udongo na kushindilia. Usiposhindilia, baruti italia sana na jiwe litabaki pale pale. Nguvu ni ileile, ila haikushikana na mwamba. Wazo la kulipua bomu pangoni ni kufanya kusudi kile ambacho fundi huyo hukikwepa.

Bomu lililobanwa ndani ya mwamba hufanya hivi. Mwamba ulioligusa hugeuka mvuke, unaofuata huyeyuka, unaofuata husagika, kisha kuna tabaka nene lililopasuka nyufa. Ni mbali zaidi, penye mshtuko uliokwisha poa, ndipo mwamba huanza kusukumwa na kurudi mahali pake bila kuumia, mithili ya mpira. Mpaka huo ndio muhimu kwa anayepima kutoka mbali. Kwake yeye chanzo cha mawimbi si bomu. Chanzo ni tufe zima la mwamba ulioharibiwa, ambalo kipenyo chake kinaweza kufika mamia ya mita hata kwa bomu dogo. Tufe hilo likishasukumwa nje halirudi lote, na huko kusukumwa moja kwa moja ndiko kunakozaa mawimbi mapana, ya masafa ya chini (yaani yanayotikisika polepole), yanayosafiri maelfu ya kilomita.

Pangoni hali hubadilika. Nishati huishia kupasha joto hewa na mvuke wa bomu lenyewe, na shinikizo la gesi hiyo hugawanyika sawasawa kwenye ukuta mzima. Pango likiwa kubwa vya kutosha, ukuta husogea kidogo na kurudi, haupondwi. Chanzo cha mawimbi kinabaki kuwa pango peke yake, dogo mno ukilinganisha na lile tufe la mwamba uliosagika. Nishati haikupotea popote. Imebaki pale pangoni ikiwa joto.

Kiasi gani ni "kikubwa vya kutosha"? Kipimo kinachotumika ni uzito wa mwamba ulio juu. Kwenye kina cha mita 800 hivi, mwamba unakandamiza kwa takriban mara 180 ya shinikizo la hewa tunayopumua. Gesi ya pangoni ikibaki chini ya kiwango hicho, au isiizidi sana, ukuta utastahimili. Ikizidi mno, ukuta unaanza kupasuka na faida inayeyuka.

Hesabu hizo zilitolewa mwaka 1959 na mwanafizikia Albert Latter na wenzake wa shirika la RAND huko Marekani. Wakati wake haukuwa wa bahati. Mwaka mmoja kabla, wataalamu wa Mashariki na Magharibi walikuwa wamekutana Geneva na kukubaliana kwamba mtandao wa vituo vya mitetemo ungeweza kusimamia marufuku ya majaribio ya nyuklia. Walichokuwa nacho mkononi kuhusu milipuko ya chini ya ardhi kilikuwa kidogo sana: mlipuko mmoja wa Nevada, Rainier, wa kilotani 1.7 (kilotani moja ni nguvu ya tani 1,000 za baruti ya TNT), uliofanyika Septemba 19, 1957. Kisha Latter akaja na hesabu zinazosema kwamba pango linaweza kupunguza mtikisiko mara 300. Mwanafizikia Hans Bethe, Mmarekani aliyekuwa akipigania marufuku hiyo, ndiye aliyelazimika kuwaeleza Warusi nadharia hiyo Geneva. Ni kama kumwambia mgeni wako mezani kwamba umeshakaa na kufikiria kwa undani jinsi atakavyokuibia. Hata hivyo Bethe alikubali kwamba fizikia ya nadharia hiyo ni sahihi.

Hesabu bila kipimo haikutosha. Kati ya Desemba 1959 na Machi 1960, katika mgodi wa chumvi wa Winnfield, Louisiana, Wamarekani walifanya majaribio yaliyoitwa Cowboy. Walitumia vilipuzi vya kawaida, kuanzia kilo chache hadi karibu tani moja. Walilipua kwa jozi: mlipuko mmoja umebanwa ndani ya chumvi, mwingine wa uzito uleule unaning'inia katikati ya tundu la mviringo. Matundu yalikuwa na nusu kipenyo cha mita 1.8 na mita 4.6. Huo ndio upimaji safi kuliko wote katika simulizi hii, kwa sababu pande zote mbili za uwiano zililipuliwa kweli, kwenye chumvi ileile, zikapimwa na vyombo vilevile. Tofauti ilizidi 100. Nadharia ikasimama.

Lakini baruti si bomu la nyuklia, na tani moja si kilotani. Suala hilo likaachwa linaning'inia, na likaigharimu dunia. Mazungumzo yalipofika mwaka 1963, Marekani ilitaka ukaguzi saba kwa mwaka ndani ya ardhi ya Urusi ya Kisovieti, nayo Moscow ikagota kwenye mitatu. Mkataba uliosainiwa mwaka huo ukapiga marufuku majaribio angani, anga za juu na chini ya maji. Chini ya ardhi pakaachwa wazi.

Mwaka uliofuata kazi ikahamia Mississippi, kwenye kuba la chumvi la Tatum, kusini-magharibi mwa mji wa Hattiesburg. Chumvi ilichaguliwa kwa sababu nzuri: ni kavu, haina nyufa nyingi, na pango likishachimbika ndani yake husimama lenyewe. Tarehe 22 Oktoba 1964, saa nne asubuhi, bomu la kilotani 5.3 lililoitwa Salmon lililipuliwa kwenye kina cha mita 828, likiwa limebanwa. Wakazi wa karibu walikuwa wamehamishwa kwa muda na kulipwa dola 10 kwa mtu mzima, dola 5 kwa mtoto. Ardhi juu ya bomu iliinuka takriban sentimita 10. Madai ya fidia ya kuta zilizopasuka na mabomba ya moshi yaliyoanguka yakafika mamia, jambo linaloonyesha kwamba waliokadiria mtikisiko walikadiria pungufu.

Salmon ilikuwa na kazi mbili. Kwanza, ilipimwa kama mlipuko uliobanwa. Pili, ilichimba pango. Chumvi iliyogeuka mvuke na kuyeyuka iliacha uwazi wenye nusu kipenyo cha mita 17 hivi, ujazo wa karibu mita za ujazo 20,000. Hakuna mtambo wa kuchimba ambao ungeifanya kazi hiyo kwa sekunde moja.

Baada ya miaka miwili ya kusubiri pango lipoe, bomu la pili, Sterling, liliteremshwa humo kupitia tundu jembamba lililochimbwa kutoka juu. Lilikuwa la kilotani 0.38, yaani tani 380. Lililipuliwa Desemba 3, 1966, saa kumi na mbili na robo asubuhi. Safari hii hakukuwa na msururu wa madai ya kuta.

Tukae hapa kidogo tufanye hesabu, kwa sababu ndipo penye utata. Kilotani moja ni jouli trilioni 4.2 hivi. Sterling basi ilitoa jouli trilioni 1.6 ndani ya mita za ujazo 20,000. Ukigawanya, na ukikadiria tabia ya gesi yenye joto kali kwa busara, unapata shinikizo la kati ya mara 150 na 230 ya hewa ya kawaida. Linganisha na zile 180 za uzito wa mwamba. Kwa maneno mengine Sterling ilipangwa isimame ukingoni, mahali ambapo ukuta unastahimili, lakini bila nafasi kubwa ya ziada.

Sasa linganisha mitikisiko. Vyombo vilivyozikwa kwenye visima virefu ndani ya chumvi, mita mia chache kutoka kwenye pango, vilirekodi kasi ya chembe za mwamba Salmon ilipopita, na baadaye Sterling. Vituo vya juu ya ardhi vilirekodi milipuko yote miwili pia. Uwiano wa moja kwa moja kati ya Salmon na Sterling, kwa mawimbi ya masafa ya chini, unakaribia 1,000. Lakini uwiano huo unachanganya mambo mawili: Sterling ilikuwa pangoni, na Sterling ilikuwa ndogo. Kilotani 5.3 ukigawanya kwa 0.38 unapata 14. Gawanya 1,000 kwa hiyo 14, na ndiyo ile 70 yetu.

Kitendo cha kugawanya kwa 14 ndicho kinachobeba mzigo wote. Kinadai kwamba bomu la tani 380, lingebanwa ndani ya chumvi ileile ya Tatum, lingetoa mawimbi yaliyo sawasawa na ya Salmon, ila madogo mara 14. Bomu hilo halikulipuliwa. Lilitengenezwa kwenye karatasi kwa kanuni ya mzizi wa tatu: kila umbali na kila muda wa Salmon unazidishwa kwa mzizi wa tatu wa uwiano wa nguvu, ambao hapa ni 0.42 hivi. Kipimo kilichochukuliwa mita 400 kutoka Salmon kinahesabiwa kuwa kinamwakilisha yule ndugu mdogo asiyekuwepo, kwa umbali wa mita 166.

Kanuni hiyo ni nzuri na imejaribiwa mara nyingi. Inadhani, hata hivyo, kwamba mwamba ni uleule. Je, ulikuwa uleule? Salmon ilipigwa kwenye chumvi ambayo haikuwa imeguswa. Sterling ilipigwa kwenye chumvi ambayo Salmon ilikuwa imeisaga na kuitia nyufa kuzunguka pango. Chumvi dhaifu husogea kirahisi zaidi, hivyo huenda Sterling ilisikika zaidi kuliko ambavyo ingesikika katika pango lililochimbwa taratibu. Wengi wa wanaosoma data hizo huichukulia 70 kama makadirio ya upande wa chini kwa pango safi, na matokeo ya Cowboy, yaliyozidi 100 katika matundu yaliyochongwa, yanaelekea huko. Mimi naona ni hoja yenye nguvu, ingawa kulinganisha baruti na nyuklia nako kuna mashaka yake.

Kuna mtego mwingine wa upimaji usiosemwa sana. Ili kukadiria nguvu ya chanzo kutokana na chombo kilicho karibu, unahitaji chombo kiwe nje ya eneo lililoharibiwa, pale mwamba unaponyumbuka na kurudi. Vyombo vingi vya Salmon vilikuwa ndani ya eneo ambalo chumvi ilikuwa bado inabonyea na kubaki imepinda. Ukivitumia, kila kimoja kinakupa chanzo chenye nguvu tofauti, kwa sababu wimbi lenyewe lilikuwa bado linapoteza nishati njiani. Kwa Sterling tatizo hilo lilikuwa dogo. Hivyo pande mbili za uwiano hazikupimwa katika hali sawa hata pale vyombo vilipokuwa vilevile.

Jambo la masafa ndilo linalosahaulika zaidi na watu wanaoitaja namba hii, nalo linabadilisha picha nzima. Tufe kubwa la mwamba uliosagika hutoa sauti nzito. Ni zito kusogea, na halitikisiki haraka. Pango dogo hutoa sauti nyembamba. Kwa hiyo ukilinganisha milipuko miwili kwenye hezi moja au mbili (mtikisiko mmoja au miwili kwa sekunde), tofauti ni 70. Ukipanda hadi hezi 20 na zaidi, ule uliobanwa tayari umeishiwa nguvu, wakati ule wa pangoni bado unatoa sehemu yake, na tofauti inashuka chini ya 10. Hakuna 70 moja. Kuna mstari unaoteremka kadiri masafa yanavyopanda, na 70 ni mwanzo wake tu.

Kwa nini basi wasisikilize masafa ya juu tangu awali? Kwa sababu mawimbi hayo humezwa na mwamba haraka, hasa ukiwa wa moto au wenye nyufa, na vyombo vya zamani vilijengwa kusikiliza milipuko mikubwa kutoka mabara mengine. Hali ilianza kubadilika miaka ya 1980. Norway ilijengwa NORESS, vyombo 25 vilivyopangwa kwa miduara ndani ya eneo lenye kipenyo cha kilomita 3, kwenye mwamba wa kale usiomeza sana mawimbi. Mwaka 1986 wanasayansi wa Marekani, kwa mpango wa taasisi binafsi ya mazingira ya NRDC na Chuo cha Sayansi cha Kisovieti, walisimika sismomita (vyombo vya kupima mitetemo) Karkaralinsk, karibu na uwanja wa majaribio wa Semipalatinsk. Serikali zilikuwa bado zinabishana kuhusu ukaguzi wakati wao wameshafika na kuwasha mitambo. Mawimbi ya masafa ya juu yalionekana kusafiri vizuri katika ardhi ile.

Warusi nao walikuwa wamelijaribu pango kabla ya hapo. Desemba 1971 walilipua kilotani 64 ndani ya chumvi huko Azgir, magharibi mwa Kazakhstan, likabaki pango lenye nusu kipenyo cha mita 36 hivi. Machi 29, 1976 wakalipua ndani yake bomu lingine, kati ya kilotani 8 na 10. Mlipuko huo ulinaswa hadi Norway, zaidi ya kilomita 2,500. Upungufu wa mtikisiko ulikuwa kama mara 12 hadi 15 tu. Ukipiga hesabu ileile ya Sterling utaona sababu: kila mita ya ujazo ya pango la Azgir ilibebeshwa nishati zaidi ya mara mbili ya ile ya Sterling. Ukuta ulizidiwa. Kwa bomu la kilotani 8 pango lingehitaji nusu kipenyo cha karibu mita 50.

Ukubwa wa pango ni kikwazo ambacho hakionekani mpaka ukiandike kwa tani. Kanuni inayotumika sana kwa chumvi kwenye kina cha kilomita moja hivi ni nusu kipenyo cha mita 25 kwa kilotani moja. Hiyo ni mita za ujazo 65,000, chumvi ya tani zaidi ya 140,000. Kwa lori la tani 30 ni safari karibu 4,800, na setilaiti zinapita juu kila siku. Unaweza kuiyeyusha kwa maji badala ya kuichimba, lakini lita moja ya maji hubeba gramu 360 tu za chumvi. Utahitaji lita milioni 400, na maji hayo ya chumvi lazima uyamwage mahali. Kwa kilotani tano zidisha yote hayo kwa tano.

Tuseme umefanikiwa. Mlipuko wa kilotani moja uliobanwa ndani ya mwamba mgumu huonekana kwenye mitambo kama tetemeko la ukubwa wa 4.4 hivi. Upungufu wa mara 70 ni sawa na kuteremka 1.85 kwenye kipimo hicho, hadi 2.5 au 2.6. Mitetemo ya kiwango hicho ni mingi, na mingi kati yake ni milipuko ya machimbo ya mawe na migodi. Kwa hiyo mchambuzi hahangaiki sana kusikia, anahangaika kutofautisha. Hutazama uwiano wa mawimbi ya P (yanayosukuma na kuvuta mwamba) na ya S (yanayoutikisa kwa ubavu) kwenye masafa ya juu, maana mlipuko husukuma kila upande sawa na kutoa S hafifu, wakati tetemeko hukata mwamba na kutoa S nyingi. Machimbo nayo yana alama yake: hulipua mashimo kwa kupishana milisekunde chache, na kupishana huko huacha mistari kwenye mchoro wa masafa. Mlipuko wa pangoni hupiga mara moja.

Mtandao unaosikiliza haya leo ni ule wa mkataba wa mwaka 1996 wa kupiga marufuku majaribio yote, ambao haujaanza kutumika rasmi ingawa mitambo yake inafanya kazi. Una vituo vikuu 50 vya mitetemo na vya ziada 120. Kilimambogo, karibu na Thika, ni kimoja cha vile vikuu; Mbarara nchini Uganda kipo kwenye vya ziada. Dar es Salaam ina kituo cha aina nyingine, cha kunusa chembe za mionzi hewani. Pango lililovuja hukamatwa na vituo vya aina hiyo hata kama lilinyamaza.

Anayetaka kujificha ana shida moja zaidi, nayo inatokana na jinsi ile 70 ilivyopatikana. Sterling ilifanyika katika chumvi ya Mississippi, katika pango la mita 17, kwenye kina cha mita 828. Namba yake haimwambii mtu atapata upungufu gani katika granaiti yenye nyufa, au katika chumvi yenye unyevu, au katika pango lisilo la mviringo kamili. Waliofanya jaribio la Azgir walikuwa na pango kubwa na nchi kubwa, wakapata 15 badala ya 70. Mtu mwingine akitaka namba ya mwamba wake mwenyewe, itambidi afanye walivyofanya Mississippi: alipue kwanza bomu lililobanwa hapo hapo, apime, ndipo alinganishe. Na huo wa kwanza, kwa kilotani 5.3 ndani ya chumvi, ulipasua kuta za nyumba.